Kamba ya Sakelaris

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubadilisha kamba tu.

Si kazi ya kumtoa mtu jasho. Ndani ya pango la Tanuri kulikuwa na kamba ya kuongozea wageni, na mwamba ulikuwa umeisugua mpaka nyuzi zimebaki kama nywele za mzee mwenye upara. Kesho yake asubuhi walikuwa wanakuja Wajerumani, watu wa kulipa mapema na kulalamika mapema zaidi. Nomiki akasema ataingia mara moja jioni hiyo, afunge kamba mpya, atoke.

“Kahawa haijapoa nitakuwa nimerudi,” alimwambia bibi yake.

Themelina hakuipenda hiyo “mara moja.” Kisiwani Kalimnos nusu ya wajane wameachwa na mwanamume aliyesema anatoka mara moja.

Basi akavaa viatu, akajifunga kitambaa chake cheusi, akatia mikate mikavu ya shayiri mfukoni, akapanda botini bila kualikwa.

Walikuwa watatu. Themelina mwenyewe, aliyevaa nguo nyeusi tangu mama yake Nomiki hajazaliwa. Nomiki, mjukuu wake, mwenye duka la kupigisha wageni mbizi, msichana wa mabega mapana na ulimi aliourithi kwa bibi. Na Stratos, mume wa Nomiki, aliyeshika usukani huku sikio moja limezibwa pamba. Huyu kwao ni Pireas, mjini. Alikuwa azame na mkewe, maana watu hawaingii pangoni peke yao, ila sikio lilikuwa limeoza.

“Linanuka hadi huku,” Themelina alimwambia. “Umelitia nini?”

“Dawa, Bibi.”

“Dawa! Sikio la mpiga-mbizi hutiwa mkojo.”

“Wa nani?”

“Wa mtu anayekupenda. Ndiyo maana halitapona.”

Nomiki akacheka mpaka mtungi wa hewa ukamteleza mkononi. Ndivyo walivyokuwa wale wawili. Mama yake Nomiki alihamia Australia, akamwacha mtoto kwa bibi, akawa anatuma kadi za sikukuu. Themelina hakuwa na mwingine. Hakuwahi kumwambia Nomiki hivyo, kwa sababu mtoto akiambiwa kitu kama hicho huvimba kichwa.

Wakafika Glaros jua likiwa kidole kimoja juu ya maji. Ni kisiwa kitupu, mwamba na kinyesi cha ndege. Uzuri wake uko chini. Wageni hupapenda kwa sababu kila kitu kipo mahali pamoja: nyasi ndefu zinazolala na kuinuka, kisha mwamba ulioshuka kama ngazi, kisha ukuta wenye sponji za manjano na chewa wanene wanaokutazama kama maofisa wa forodha. Chini ya ukuta kuna tao. Nyuma ya tao, mdomo wa Tanuri.

Wazee walipaita Tanuri kwa sababu ni mdomo mdogo na tumbo kubwa, na kinachoingia hakitoki kilivyokuwa.

Themelina akatoa kamba ya nailoni sandukuni. “Kiuno,” alisema.

“Bibi, jamani. Nina mitungi miwili. Nina taa tatu. Nina saa hapa mkononi inanihesabia mpaka pumzi.”

“Ukikwama, hiyo saa itakuvuta?”

Nomiki akasogeza kiuno. Alijua ubishi ule hauna mshindi. Themelina akafunga lile fundo la wapiga-mbizi wa zamani, wachuma sponji, fundo linalokaza likivutwa na kufunguka kwa kidole gumba. Kisha akamwambia Stratos, kwa kuwa Stratos hakuwahi kushika kamba:

“Sikiliza, wa mjini. Mvuto mmoja kutoka chini, niko salama. Miwili, nilegezee. Mitatu, nivute. Wewe unajibu kwa mvuto mmoja, basi.”

“Na mimi nikitaka kumwita?”

“Humwiti.”

“Kwa nini?”

“Wa juu haanzi kuita. Wa chini huita, wa juu hujibu.”

“Ndiyo nauliza, kwa nini?”

Themelina akamtazama kama anavyotazamwa samaki wa juzi. “Kwa sababu wewe ukiita, hujui nani ataitika.”

Stratos akamgeukia mkewe ili wacheke wote. Nomiki hakucheka. Alikuwa anaosha miwani yake kwa mate.

“Babu yangu alibaki humu,” alisema taratibu. “Nilikwambia.”

Aliwahi kumwambia, ila watu wa mjini husikiliza kwa sikio moja hata yakiwa mazima yote mawili. Sakelaris, mume wa Themelina, aliingia Tanuri kuchuma sponji na mpira wa hewa mdomoni na kamba ya katani kiunoni. Upepo ukageuka ghafla. Ndugu yake, aliyeshika kamba, akaogopa boti itapigwa mwambani, akaita. Mitatu. Chini kukaitika, mitatu. Wakavuta. Kamba ikaja kidogo, nzito, ikakwama. Wakavuta tena, watu wanne. Boti ikagonga mwamba. Ndugu akachukua kisu.

Hakuna mwili ulioonekana, wala kaburi halikuchimbwa. Kila mwaka Themelina hupeleka kanisani sahani ya ngano ya kuchemsha kama wajane wenzake, na padri huisomea, lakini mabibi wa Kalimnos wanajua lao: mpiga-mbizi asiyezikwa hajui kama amekufa. Bado yuko kazini. Anangoja kuvutwa.

“Hii kamba ya kiunoni inatosha?” Nomiki aliuliza, akivaa mapezi, kamba mpya ya wageni begani.

“Inatosha,” Stratos alisema.

“Isipotosha nitaungia yoyote nitakayoikuta ndani. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukikuta kamba nzima pangoni, unaunga yako, unaifuata.”

“Humo hamna kamba nzima,” Themelina alisema. “Ya babu yako ilishaoza zamani. Katani haidumu majini.”

“Basi vizuri.” Nomiki akambusu bibi yake kwenye kitambaa, akauma mpira, akajiangusha kinyumenyume.

Themelina akalegeza kamba, pima kwa pima, ikipita vidoleni. Alikuwa stadi. Vidole vyake viliona kuliko macho. Sasa anapita kwenye nyasi. Sasa ukutani. Sasa chini ya tao... kamba ikagusa jiwe, ikalalia. Akasikia mivuto miwili, akalegeza. Akasikia mmoja, akajibu.

Kisha mitatu ya masihara, ya kumchokoza. Moja, mbili... halafu wa tatu, ukija nyuma kwa kuchechemea.

Hivyo ndivyo Nomiki alivyovuta tangu utotoni. Bibi alimfundisha kwa kamba ya kuanikia nguo, mtoto akiwa chini ya meza, na mpaka leo wa tatu huchelewa. Ilimkera Themelina kama mlango usiofungika. Siku moja alimpiga kofi kwa ajili yake.

“Mjinga huyu,” alisema, akajibu mmoja. Lakini uso wake ulilainika kidogo, na kwa kuwa Stratos aliona, akamwambia aangalie injini yake.

Jua likazama.

Bahari ikatulia, ikawa kama mafuta. Mapovu ya Nomiki yalipanda karibu na mwamba, madogomadogo, yakichemka na kuacha, yakichemka na kuacha. Mtu anapumua. Themelina akayasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza redio.

Kamba ikafika mwisho.

“Hii ndiyo yote?” aliuliza.

“Nilichukua hii iliyokuwa karibu na mlango,” Stratos alisema. “Si zote ni sawa?”

“Ile ya mlangoni ni fupi! Ya kufungia mbuzi!”

Chini, kamba ikalegea. Ikatikisika kidogo, kama vile inaguswa na mtu mwenye kazi. Themelina aliijua ile mitikisiko. Ni vidole. Vidole vinafungua fundo la kiunoni, vinalifunga kwingine.

“Anafungia nini?” alinong'ona. “Mle hamna cha kufungia...”

Kamba ikatulia.

Ndipo alipoona mapovu ya pili.

Yalikuwa kando ya yale ya Nomiki. Makubwa, mazito, ya polepole, kama sufuria ya maharage. Yalipasuka na kuacha harufu juu ya maji. Lami. Mpira mkuukuu. Na tumbaku, ile ya kusokotwa, ambayo haiuzwi tena kisiwani.

“Ni hewa imekwama kwenye nyufa,” Stratos alisema. “Inatoka tu.”

Inawezekana. Huwa inatokea.

Mikono ya Themelina ilikuwa imeanza kufa ganzi. Ana baridi yabisi, na jioni vidole hukaza. Akataka kujifunga mtandio na kuwasha taa ya boti.

“Shika hapa. Usivute. Shika tu.”

Akainama kutafuta kiberiti. Nyuma yake Stratos alikuwa anaangalia saa, na maji, na saa. Alimpenda mkewe, tusimsingizie. Alijua hewa ya Nomiki ilikuwa imebaki ya kurudia tu. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupenda kufanya jambo.

Themelina akageuka, akaona kiwiko chake kikienda nyuma.

Mara moja.

Mara mbili.

“Acha!”

Mara tatu.

“Namwambia tu arudi, Bibi. Amechelewa—”

Yale mapovu madogo yakakatika. Hayakupungua. Yalikatika.

Yale makubwa yakakatika pia.

Bahari ikawa bubu. Hata ndege wa Glaros, wanaogombana mpaka kiza kiingie, walinyamaza. Themelina akamnyang'anya kamba, akaishika kwa mikono miwili.

Hakuna kitu...

Hakuna kitu...

Moja. Mbili. Tatu.

Sawasawa. Kama seremala anapigilia msumari.

“Unaona? Amejibu!” Stratos alisema, karibu alie kwa furaha. “Vuta, Bibi, vuta!”

Kichwa kilimwambia Themelina kitu, mikono haikusikiliza. Mtu wako akiwa chini na kamba ikaita mitatu, unavuta. Amelelewa hivyo. Kisiwa kizima kimelelewa hivyo. Wakavuta wote wawili.

Ilikuwa nzito.

Nomiki ni msichana mwenye mwili, lakini majini mtu hana uzito. Huu ulikuwa uzito wa kuburuta gunia la mawe juu ya ngazi. Kamba ya nailoni ikaja, ikajikunja miguuni, ikaja... halafu likaja fundo.

Fundo la Nomiki. Lile la kidole gumba.

Mbele ya fundo haikuwa nailoni tena.

Themelina akaleta taa karibu. Ilikuwa kamba ya katani, nene, iliyopakwa lami. Hakukuwa na ukungu juu yake, wala kome, wala mwani. Lami ilimshika vidoleni. Ilikuwa mpya kama imetoka dukani asubuhi ile.

Na mwisho wake wa juu, pale lilipofungwa fundo, palikuwa pamekatwa kwa kisu.

“Hii ni nini?” Stratos aliuliza.



Kamba ikakwama chini ya boti. Na hapohapo, upande wa pili, upande usio na kamba wala mapovu...

Maji yakafunguka.

“Nomiki!”

Stratos akaacha kamba, akaruka ng'ambo ya pili, boti nusura ipinduke. Alikuwa Nomiki. Miwani yake, nguo yake ya mpira, nywele zake zimetoka kwenye kofia. Mpira wa kupumulia haukuwa mdomoni. Stratos akamshika kwapani, akamburuta ndani kama chewa, akamkumbatia, akamtukana, akamkumbatia tena.

Themelina alibaki na kamba mikononi. Ilikuwa hai bado. Kuna kitu upande wa pili.

Ikatikisika. Mvuto dhaifu. Na mwingine...

Hakungoja wa tatu. Mjukuu wake alikuwa botini, anakohoa, mzima. Basi aliyeko chini alimjua ni nani.

“Hatukukuita wewe,” alinong'ona kuelekea majini. “Rudi kazini.”

Alikuwa na kisu kiunoni. Alikishika. Lakini kamba ya Sakelaris ilishakatwa mara moja, na mkono wake haukukubali kuwa wa pili. Akafunga mwisho wa nailoni kwenye dumu tupu la plastiki, akalitupa baharini. Likaelea. Likacheza kidogo, kama samaki anayeonja chambo.

Stratos akawasha injini.

Njiani Nomiki alikaa chini ya taa, mtandio wa bibi begani. Hakutetemeka. Alikuwa anaiangalia mikono yake, anaigeuza, mbele na nyuma.

“Kula kitu,” Themelina alimwambia, akampa mkate mkavu. Alitarajia kusutwa. Nomiki hakuipenda ile mikate tangu meno yake ya kwanza. Alikuwa anaiita matofali.

Nomiki akaupokea. Akainama pembeni mwa boti, akauchovya baharini, akahesabu kidogo kimoyomoyo, akautoa umelainika na chumvi yake. Akala wote. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya kifundo cha mkono.

Stratos hakuona kitu. Kwani angejua nini, mtu wa Pireas? Wachuma sponji wa zamani ndio waliokula hivyo. Maji ya kunywa yalikuwa haba safarini, mkate ulilowekwa baharini. Vijana wa leo hawajui hata kama kuna watu waliishi hivyo.

Themelina akairudisha mikate iliyobaki mfukoni.

Daktari wa zahanati alimpima jioni hiyohiyo. Akamweka kwenye hewa safi ya mtungi, akammulika macho, akamgongagonga magoti. Akasema ni gesi. Mtu akikaa chini zaidi ya kiasi gesi humpanda kichwani, akapotewa na maneno, akasahau mambo, hata mwendo ukabadilika. Alishawaona wengi. “Apumzike. Atajirudia mwenyewe.”

Ni maneno ya mtu aliyesoma, na huenda ni kweli. Themelina aliyashika usiku kucha kama mtu anavyoshika rozari.

Asubuhi Nomiki aliamka kabla ya jogoo. Alitembea amepanua miguu, mwendo wa mtu aliyezoea sakafu inayoyumba. Simu yake ililia, akaiangalia mpaka ikanyamaza. Stratos akawarudisha Wajerumani hotelini, akasema mke wangu anaumwa. Jioni akateremka mjini kutafuta dawa.

Wakabaki wawili uani.

Nomiki alikuwa kwenye kiti cha kamba, kile kinachoangalia bahari, kile ambacho Themelina hakumruhusu mtu kukikalia. Alikuwa anasokota kitu vidoleni. Hakikuwa kitu. Vidole tu, vinasokota tumbaku isiyokuwepo.

Themelina alikuwa anafunga wali kwenye majani ya mzabibu. Alikuwa amempa mgongo, kwa makusudi.

“Themelo.”

Jani likachanika.

Hakuna aliyemwita hivyo. Mama yake alimwita jina zima, kisiwa kilimwita Mjane, Nomiki alimwita Bibi. Mmoja tu aliyewahi kumwita Themelo, tena chini ya shuka.

Sauti ilikuwa ya Nomiki. Hilo ndilo lililokuwa baya. Sauti nyembamba ya mjukuu wake, ikiuliza kwa upole, kwa aibu kidogo:

“Amezaliwa?”

Themelina hakugeuka. Chungu kilikuwa kinachemka. Paka alikuwa amesimama ukutani, mgongo juu, manyoya yamemsimama.

Siku ile Sakelaris anaondoka, tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Alikuwa ameweka mkono juu yake mlangoni, akasema natoka mara moja.

“Amezaliwa,” alisema.

“Wa kiume?”

“Wa kike.”

Kisha kicheko kidogo, cha mtu aliyepoteza dau na hakujali.

Hapa wengine wangelia. Wangepiga magoti, wangeshika ile mikono, wangesema karibu, ulikuwa wapi, nimekungoja mpaka mifupa imekwisha. Na asiseme mtu kwamba Themelina hakutaka. Alitaka kiasi kwamba meno yalimuuma. Lakini aliigeuza shingo, akaona makovu madogo magotini mwa Nomiki, ya baiskeli, aliyoyaosha yeye mwenyewe kwa sabuni.

“Binti yuko wapi?” Themelina aliuliza.

“Yupi?”

“Aliyefunga fundo.”

Vidole vikaacha kusokota. Macho ya Nomiki yakamtazama, na ndani yake palikuwa na kina kirefu, kama ukichungulia kisimani.

“Alikuja akashika kamba yangu,” ile sauti ilinong'ona. “Kisha mkaita. Mimi niliitika kwanza... Kamba moja hupandisha mmoja, Themelo. Unajua.”

Alijua.

Na sasa akajua kile kichwa kilichokuwa kikimwambia botini. Mitatu ile, sawasawa, kama seremala. Haikuwa na kuchechemea.

Na ile miwili dhaifu ya mwisho, kabla hajashika kisu... hakungoja wa tatu.

Themelina akafuta mikono kwenye aproni. Akauzima moto chini ya chungu, maana hata siku kama hiyo mtu haachi chakula kiungue. Akachukua ufunguo wa mashua ndogo.

“Unakwenda wapi?” ile sauti iliuliza.

“Natoka mara moja,” alisema.

Dumu lilikuwa palepale, limesimama juu ya maji yaliyolala. Alizima injini mbali kidogo, akasogea kwa kasia. Jua lilikuwa kidole kimoja juu ya bahari. Akaliokota dumu, akalifungua, akachukua kamba mikononi.

Ilikuwa imelegea. Imekufa kabisa.

Hakuvuta. Wa juu haanzi kuita. Akakaa, kamba ikilala viganjani mwake, akangoja. Hakuomba. Alikuwa ameshaomba sana zamani, na aliyaona majibu.

Jua likazama. Harufu ya lami ikapanda.

Labda daktari amesema kweli. Labda msichana aliyeko nyumbani ana gesi kichwani na amesikia jina la Themelo mahali fulani, watoto husikia mengi chini ya meza. Labda huku chini hakuna mtu, ni katani tu na mawe, na yeye ni mwanamke mzee mwenye baridi yabisi anayepata mafua kwa ujinga wake.

Vidoleni, kitu kikagusa.

Moja.

Aliacha kupumua.

Mbili.

Maji yalikuwa meusi. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hakuna kitu... hakuna kitu...

Wa tatu ukaja. Nyuma. Ukichechemea.

“Mjinga wewe,” Themelina alisema. “Mpaka leo unachelewa.”

Kamba moja hupandisha mmoja. Basi na iwe hivyo, Nomiki apande, yeye ashuke mahali pake. Akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya benchi. Akapitisha nailoni kiunoni, juu ya nguo nyeusi, akafunga lile fundo la wapiga-mbizi, linalokaza likivutwa.

Kule mbali, uani kwake, taa ilikuwa haijawashwa. Lakini moyoni aliona mtu ameinuka kwenye kiti cha kamba, amesimama ukingoni, mkono juu ya macho, kama wanaume wanavyosimama kuangalia boti inayoondoka bila wao.

Themelina akamgeuzia mgongo. Akajibu, mvuto mmoja.

Kutoka chini, taratibu, kamba ikaanza kukaza.